Mbeba Bendera wa Fraile Muerto

Kila Ijumaa asubuhi boksi la Zulma lilifika Montevideo kwa basi la kutoka Melo, limefungwa kamba kwa mafundo ambayo mwenyewe tu ndiye aliyejua siri yake. Ndani mlikuwa na milanesa, zile nyama bapa za kukaanga na unga wa mkate, zimepangwa kama matofali. Dengu zilizogandishwa, keki ya ndimu, na soksi ambazo hakuna aliyeziagiza. Kina mama wa bara hawana mchezo na jambo hili. Mtoto akienda mji mkuu kusoma, miguu yake huondoka lakini tumbo lake hubaki mikononi mwa mama, na mama hulihudumia kwa basi wiki baada ya wiki mpaka siku ya kuhitimu. Mtoto naye ana kazi mbili tu: kula, na kurudisha vyombo.

Nahuel Techera alikuwa anarudisha vyombo. Kula ndiko kulikomshinda.

Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuinama mlangoni hata pale ambapo mlango ulikuwa mrefu kuliko yeye. Aliishi mtaa wa Cordón katika nyumba kuukuu iliyojaa wanafunzi wa bara, jiko moja, meza moja, na bafu moja lililogombewa kama kiti cha ubunge. Boksi likifika alilifungua mezani na kusema, "Jihudumieni jamani, mimi nimeshakula chuoni." Wenzake hawakungoja kuambiwa mara ya pili. Walimwita mtakatifu. Gastón, mkongwe wa nyumba, mwanafunzi wa udaktari wa mifugo aliyekaa chuoni mpaka walinzi wakadhani ni mwajiriwa, alisema siku akifa azikwe na milanesa ya Zulma mkononi. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza mbona suruali ya mtakatifu inampwaya kiunoni.

Ukweli ni kwamba Nahuel hakuwa amekula chuoni, kwa sababu chuoni hakuwa akienda. Tangu yatoke matokeo ya mtihani wa kwanza wa hesabu, miguu ilikataa. Alikuwa amepata saba kati ya mia. Aliliangalia jina lake, akaiangalia ile saba, akadhani ni alama za Techera mwingine. Lakini Techera mwingine hakuwepo. Kila asubuhi baada ya hapo alibeba begi lake, akateremka mpaka kwenye ukuta wa ufukweni, akakaa kuutazama mto ule mpana wa rangi ya maziwa na kahawa, akinywa mate, ile chai chungu ya kwao, kutoka kwenye kibuyu chake mpaka majani yakapoteza ladha. Jioni alirudi na uso wa mtu aliyetoka kusoma. Na siku walipomuuliza jikoni mtihani ulikwendaje, alijibu, "Nimefaulu." Neno lenyewe dogo, lakini lilimkwama kooni, na tangu siku hiyo chakula hakikupata pa kupita.

Usimcheke kabla hujajua habari ya bendera. Katika nchi ile kila shule ya sekondari humteua mwanafunzi mwenye alama bora kuliko wote, na siku za sherehe ndiye anayebeba bendera ya taifa mbele ya watu, na wasindikizaji wawili, mmoja kulia na mmoja kushoto. Ukishabeba bendera umebeba. Utaitwa hivyo mpaka uzeeke. Huko kwao Fraile Muerto, mji ambao ukipiga chafya upande mmoja unaombewa afya upande wa pili, Nahuel ndiye aliyebeba. Mwoka mikate alianza kumwita Injinia kabla hata hajajiandikisha chuo. Zulma, mama yake, mpishi wa shule ya msingi, aliipachika picha ya siku ile juu ya friji, na kila aliyeingia kuomba chumvi alionyeshwa picha kwanza, chumvi baadaye. Sasa mwambie kijana kama huyo ainue simu, aseme, mama, nimepata saba.

Hakusema. Alishajipangia kila kitu kule ukutani. Likizo ya Julai ataenda nyumbani na hatarudi tena. Atatafuta kibarua kwenye mashamba ya mpunga, atasema mji umemchosha, na hesabu hazitatajwa. Kilichobaki ni kumdanganya mama mpaka Julai, na kumdanganya Zulma hakukuwa kazi ndogo. Wahenga walishasema mficha uchi hazai, lakini vijana wa umri ule huona methali zimetungwa kwa ajili ya wengine.

Aliyemchomea hakukusudia kumchomea. Aliitwa Yanina, msichana wa Rivera aliyeishi nyumba ile ile, mwaka wa nne wa saikolojia, mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Zaidi ya masomo yake alikuwa katika kikundi cha wanafunzi wa miaka ya juu wanaojitolea kuwalea wageni wa mwaka wa kwanza: kuwaonyesha madarasa, kukaa nao, kuwauliza wanalalaje, wanakulaje, wana rafiki au hawana. Kazi hiyo aliifanya kwa moyo, akazunguka chuo kizima akiwatafuta walionyong'onyea, na jioni akarudi nyumbani kula milanesa za Nahuel. Mganga hajigangi.

Jumapili moja aliamua kuviosha yeye vyombo vya Zulma, kwa sababu ndiye aliyekuwa amekula kuliko wote. Kwao chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Afadhali ukivunje ukanunue kingine. Basi akajaza kimoja jemu ya mapera aliyoletewa na bibi yake, akakifunika vizuri, akakiweka chini ya vingine. Nahuel akavifunga bila kutazama, kama alivyofanya kila kitu siku zile, akavipeleka kwenye basi.

Ijumaa iliyofuata mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nahuel alifika kituo cha Tres Cruces akiwa amelowa mabega, akaenda moja kwa moja kwenye kaunta ya mizigo.

"Boksi la Techera," alisema.

Karani hakuinua macho. "Lipo. Lakini limekaliwa."

Nahuel akageuka. Boksi lilikuwa sakafuni karibu na ukuta, na juu yake alikuwa amekaa Zulma, koti la sherehe limefungwa vifungo vyote, mkoba umepakatwa magotini. Nakuambia kweli, kama pangekuwa na mlango mwingine karibu, Nahuel angeutumia.

"Mama."

"Ndiyo mimi. Ulidhani milanesa zinajua njia?"

Zulma alisimama, akamtazama kama alivyozoea kuwatazama kuku wanaoletwa jikoni kwake: shingo kwanza, kisha kifua. Akamshika mkono juu ya kiwiko, akaubonyeza, akauachia.

"Nani anakula chakula changu?"

"Mimi, mama. Na wenzangu kidogo."

"Wewe. Na jemu ya mapera uliipika wewe?"

"Jemu gani?"

"Haya," alisema Zulma, sauti imeshuka. "Tangu nikuzae hujawahi kuchemsha yai likaiva. Huko kwetu mpera hauoti hata kwa dawa. Aliyenirudishia jemu ni mtu aliyeshiba chakula changu, na ana adabu zake. Nataka nimwone huyo, maana wewe naona hujashiba, na adabu sijui umeisahau wapi. Beba boksi."

Nahuel akabeba. Njia nzima alifungua mdomo mara kadhaa aseme, na kila mara akasema jambo jingine: kwamba mvua ni kubwa, kwamba ile ni benki, kwamba wamekaribia. Mama alijibu "mm" kwa yote.

Jikoni walikuwemo Gastón na Yanina. Gastón alipoliona boksi alisimama. Alipomwona aliye nyuma ya boksi alivua kofia.

"Usiniambie huyu ndiye mama wa milanesa."

"Ndiye," alisema Zulma.

"Mama, kaa hapa. Hapana, kiti hicho kina mguu mbovu, kaa hiki. Mama, wewe hunijui, lakini mwili huu unaouona umeujenga wewe." Alijipiga tumbo kwa fahari. "Na mwanao sijaona mwingine kama yeye. Boksi likija hagusi kitu. Hata keki. Anasema kuleni tu, mimi nimekula chuoni. Mimi ningekuwa na mama kama wewe ningejifungia chumbani na boksi mpaka Jumatatu."

Yanina alikuwa anacheka, lakini kicheko kilimkatika katikati. Alimtazama Nahuel, akatazama mkanda wake uliotobolewa tundu jipya kwa kisu, akaweka kikombe mezani polepole.

"Hagusi kitu," Zulma alirudia.

"Hata harufu," Gastón aliendelea, maana alikuwa mtu wa kusoma ng'ombe kuliko nyuso. "Na kichwa alichonacho, mama. Mtihani wa hesabu unaofyeka ukumbi mzima, yeye kaupita kama anavuka barabara."

Zulma alivua koti, akalitundika nyuma ya kiti, akamgeukia mwanawe na kumngoja. Hakukunja uso wala hakuuliza. Alingoja tu, kama anavyongoja maji yachemke, na Nahuel aliona hawezi tena.

"Sikufaulu," alisema.

Gastón aliweka kofia mezani.

"Nilipata saba. Na tangu siku ile sijaenda darasani. Nakwenda kukaa ufukweni. Chakula hakishuki, mama, nimejaribu. Nilitaka nije Julai nisirudi tena huku. Nisamehe."

Alisimama katikati ya jiko, mikono inaning'inia, akingoja dari imwangukie.

"Ni hilo?" Zulma aliuliza.

"Ndiyo."

"Hilo tu? Hakuna jingine nyuma yake?"

"Hakuna, mama."

Zulma alikaa kwenye kile kiti chenye mguu mbovu, kikayumba, Gastón akakidaka. Akaanza kulia, na huku analia anagomba, kazi mbili ambazo alizimudu pamoja bila taabu. "Wewe mtoto una kichaa. Unajua nilivyosafiri? Kabla hatujafika Santa Clara nilishakuzika. Nimechagua mpaka maua. Kufika Cerro Chato ukafufuka, lakini ukawa jela. Tulipofika Casupá nimekubali kwamba umempa mtu mimba, nimeshaanza na kumpenda mjukuu. Nateremka hapa na mjukuu wangu moyoni, unaniambia hesabu."

Gastón alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akashika meza, na Nahuel, uso umewaka, akadhani anachekwa yeye.

"Saba," Gastón alisema akifuta macho. "Bwana mdogo, mimi mtihani wangu wa kwanza wa kemia nilipata nne. Wa pili nikapata sita, nikafanya sherehe."

"Wewe ni wewe," Nahuel alisema. "Mimi nilibeba bendera."

"Alaa. Na mimi nilibeba nini, ndoo? Sarandí del Yí nzima ilisimama juani kunitazama. Muulize huyu."

"Rivera," alisema Yanina, mkono juu kama mwanafunzi. "Nikajikwaa jukwaani nayo."

"Humu ndani ukirusha kiatu gizani lazima kimpige mbeba bendera," Gastón alisema. "Kila mji umeleta wa kwao. Sasa wote wakiwekwa ukumbi mmoja, ulitaka wawe wa kwanza wangapi? Wenzako wa mwaka wa kwanza walikaa hapo hapo ulipo, siku ya matokeo, wanalia makamasi. Tukawapikia tambi, tukawatukana kidogo, wakalala. Wewe ulikuwa wapi?"

"Chumbani."

"Ulisema umefaulu. Tukasema, huyu tusimwite, atatuona mbumbumbu."

Nahuel alikumbuka jioni ile. Alikuwa amelala chali akisikiliza sauti za jikoni, vijiko na vicheko vya kilio, akiamini kwamba wanasherehekea kufaulu. Kumbe ni karamu ya walioanguka, naye ndiye aliyekuwa na haki ya kukaa kichwani mwa meza. Kicheko kidogo kilimtoka, cha kwanza baada ya muda mrefu, kikatoka na machozi.

Yanina ndiye pekee ambaye hakuona la kuchekesha. "Mimi nazunguka chuo kizima nawauliza watoto wa watu wanakula nini," alisema, "na huyu nalala naye ukuta kwa ukuta. Nimekula chakula chake na sikumtazama. Mama, nionee huruma, naona aibu."

"Usione aibu," Zulma alimwambia. "Jemu ni yako?"

"Ya bibi yangu."

"Basi wewe ndiye uliyeniita. Ukae vizuri." Alijifuta kwa leso, na sasa uso wake ukawa wa kazi. "Hebu mniambie. Wamemfukuza?"

"Hakuna anayefukuzwa, mama. Mtihani wa pili uko mbele, na huo ukimshinda kuna wa Desemba, na wa Februari. Kuna kikundi cha kusomea hesabu pamoja, nitampeleka mwenyewe. Na kuna mtu wa kuzungumza naye pale chuoni kama chakula kitaendelea kugoma."

"Chuo hiki hakimfukuzi mtu," Gastón aliongeza. "Mimi ndio ushahidi."

Zulma alimgeukia mwanawe. "Kuanguka nimekuelewa. Kunidanganya bado, na hilo tutalizungumza tukiwa wawili. Sasa niambie kwa nini hukusema hata kwa hawa."

"Nilitaka nibebe mwenyewe."

"Mwenyewe." Zulma alitikisa kichwa. "Siku ile ya bendera upepo ulivuma nusura ukuchukue. Nilikuwa mstari wa mbele, niliona. Mtoto wa Olivera upande huu na binti wa mwoka mikate upande ule, wakaushika mti wa bendera pamoja nawe mpaka wimbo ukaisha. Picha ninayo, mikono yao inaonekana. Kila siku naipangusa vumbi. Wewe picha hiyo umeitazama miezi yote kabla hujaja huku, ukajiona peke yako?"

Ndivyo ilivyokuwa kweli.

"Haya, mvua inanyesha," alisema Zulma akikunja mikono ya sweta. "Unga uko wapi?"

Pale kwao mvua na torta frita ni ndugu. Ikinyesha, unga unakandwa, unatandazwa, unatobolewa katikati na kutumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Jiko likajaa harufu, madirisha yakaingia ukungu, na milango ya vyumba ikaanza kufunguka mmoja mmoja. Zulma aliopoa ya kwanza, akainyunyizia sukari, akaiweka mbele ya Nahuel. Gastón alinyoosha mkono kwa mazoea, akapigwa mwiko vidoleni.

Nahuel aliuma. Alingoja koo lifunge kama kawaida yake. Halikufunga. Akameza, akauma tena, akamaliza, akaomba nyingine, na mama akageukia sufuria haraka ili asionekane uso. Unafuu aliousikia kijana yule hausimuliki kirahisi. Alijiona mwepesi, mwenye usingizi, na mwenye njaa, vyote kwa pamoja.

Zulma aliondoka Jumapili. Yale mazungumzo ya wawili walikuwa wameyafanya Jumamosi, na Nahuel alitoka masikio yamemwiva lakini kichwa kimetulia. Vyombo alivibeba mama mwenyewe, kimoja kina jemu tena, kwa ombi lake.

Jumatatu asubuhi Nahuel alichukua begi, akafungua mlango wa mbele, akasita. Njia ya ufukweni ilikuwa kulia, ya chuoni kushoto.

Kwenye ngazi walikuwa wamesimama Gastón na Yanina. Gastón alikuwa na chupa ya maji ya moto kwapani na kibuyu mkononi.

"Mnakwenda wapi?" Nahuel aliuliza.

"Tunasindikiza," alisema Gastón. "Mimi kulia. Nina bega zuri."

"Kitivo chako si upande mwingine kabisa?"

"Ng'ombe watanisubiri. Wana subira kuliko wahadhiri."

Yanina akajipanga kushoto, akanyoosha mgongo kama mtu wa gwaride. Wakaondoka hivyo, watatu sambamba, wakichukua njia yote ya waenda kwa miguu hata mama mmoja mwenye mbwa akalazimika kuteremka barabarani na kuwatukana. Gastón alimpigia saluti. Kibuyu cha mate kilizunguka mkono kwa mkono, na hesabu haikutajwa mpaka walipofika mlangoni.

"Wasindikizaji huishia hapa," alisema Yanina. "Saa ya kutoka utatukuta."

Nahuel akaingia. Hakuinama mlangoni. Ukumbi ulikuwa umejaa, mhadhiri ameshaanza kuandika ubaoni, na katika mistari aliyoikuta Nahuel alielewa mmoja na nusu. Akaunakili huo mmoja na nusu. Akiwa anauandika, tumbo lilinguruma kwa sauti iliyowafanya watu wa safu mbili wageuke. Alikuwa amesahau kwamba tumbo lake linajua kusema. Akapekua begi, akakuta torta frita aliyoachiwa na mama, imefungwa kwenye kitambaa.

Kijana wa kiti cha jirani aliinusa. "Nikatie kidogo, ndugu yangu."

"Wiki ijayo," Nahuel alinong'ona, akaila yote.